Mabomu Yenye Shabaha

Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vingali vikisimuliwa kama ushindi wa ndege. Ni kweli kwamba Marekani na washirika wake walilipiga Iraq kutoka angani kwa siku 38, na mapigano ya nchi kavu jangwani yakamalizika kwa saa 100 tu. Dunia ikaonyeshwa picha za bomu likiingia dirishani.

Lakini mabomu ya kuongozwa hayakufika hata moja katika kila kumi yaliyodondoshwa. Na hayo yenyewe? Februari 13 mawili yalilipiga handaki la Amiriyah, mjini Baghdad, pale pale yalipoelekezwa. Mlikuwamo raia, wengi wao wanawake na watoto. Walikufa zaidi ya 400. Mabomu hayakukosa shabaha. Shabaha ndiyo iliyochaguliwa kimakosa.

Watanzania nao wana kumbukumbu zao. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumwokoa Idi Amin, iliukosa mji wa Mwanza ikaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Wakati ule wengi walicheka. Hakuna aliyecheka Mbagala, wilayani Temeke, Aprili 29, 2009, ghala la silaha lilipolipuka bila adui yeyote na makombora kuangukia nyumba za watu. Zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Mwalimu wa Temeke anayefundisha vita vya 1991 hana haja ya kuanzia Baghdad. Baadhi ya wazazi wa wanafunzi wake walikimbia siku ile wakiwa wamebeba watoto mgongoni.