Butura ya Mataifa

Mkulima wa Kihanga, Karagwe, akibanwa na shida huuza kahawa ikingali maua mtini. Mlanguzi humpa fedha kidogo, na mavuno yajapo si yake tena. Hiyo ndiyo butura, na Serikali huipiga vita kwa haki kabisa.

Lakini ni nani apigaye vita butura ya mataifa? Mkataba wa Kahawa wa Kimataifa wa mwaka 1962 uliweka mgao wa mauzo ili bei isiporomoke. Julai 1989 mgao ulisimamishwa, bei ikaanguka vibaya. Leo bei ya robusta ya Karagwe hufuata soko la London, mji usio na shamba la kahawa hata moja.

Wapo wasemao kwamba soko huria halimpendelei mtu. Baina ya mwenye ghala na mwenye njaa hapajapata kuwa na uhuru.

Nchi zilimazo kahawa hazina budi kuingia mazungumzoni na kauli moja, na kukaanga kahawa yao nyumbani. Taifa limkatazalo mkulima butura, kisha likasafirisha kahawa ghafi kwa bei ya mnunuzi, lenyewe bado limo katika butura.