Akodi Tatu Si Siri ya Mtu Mmoja



Katika vikundi vingi, hapa Nyangezi kama kwingineko, wimbo humtegemea mpiga gitaa mmoja. Akienda Bukavu masomoni, wenzake hubaki na gitaa lililonyamaza, kwani waliiga vidole vyake bila kuuliza sababu.

Sababu yenyewe ni fupi. Akodi ya do ina do, mi na sol; ya fa ina fa, la na do; ya sol ina sol, si na re. Hesabuni: akodi hizo tatu zimebeba noti zote saba za ngazi ya do. Aelewaye hilo huweza kuutafutia wimbo akodi zake mwenyewe, na ukiwa juu mno kwa waimbaji, huushusha bila kuuharibu.

Ufundi nao haudai utajiri. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alipiga kwa vidole viwili: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikiimba juu yake. Gitaa lake halikuwa la umeme.

Twasema basi: gitaa la kikundi lipite mikononi mwa wote, wasichana kwa wavulana. Waanze polepole, vidole vihame akodi hadi akodi bila pigo kukatika, na kila ajuaye afundishe wawili. Uzi ukikatika hununuliwa mwingine. Maarifa yaliyofichwa huondoka na mwenyewe.