KUUZA USICHOKUWA NACHO



Juzi baada ya darsa ya Magharibi, hapa Amani, alinijia kijana niliyemsomesha juzuu alipokuwa mdogo. Alinionyesha katika simu yake bei ya hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu, vile vidude viendeshavyo akili mnemba. Oktoba 2025 thamani ya kampuni hiyo ilipita dola trilioni 5.

"Maalim," akasema, "kilichopanda hivi hakina budi kushuka. Nataka kuziuza hisa hizi kabla hazijaanguka."

"Unazo?"

"Sinazo. Dalali ataniazima."

Na dhamana ya kumwekea dalali ni fedha alizokusanya kwa ajili ya mahari.

Nikampigia mfano wa kwetu. Mtu huazima kwa jirani pishi kumi za karafuu, akaziuza leo, akingoja bei ishuke anunue nyingine kwa rahisi na kurejesha pishi kumi. Kinachobaki ndiyo faida yake. Lakini mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na bei ikapanda. Mwenye deni la karafuu mwaka ule angelilipa kwa nini? Anunuaye kitu kwa fedha yake, kikiharibika, hupoteza alichotoa na basi. Auzaye cha kuazima hasara yake haina mpaka, kwani kupanda kwa bei hakuna mpaka.

Huenda kijana huyu asema kweli kuwa bei imezidi. Januari 27, 2025, hisa hizo zilianguka kiasi cha asilimia 17 kwa siku moja. Lakini aliyeziuza mwanzo wa 2023 kwa hoja hiyo hiyo, mwisho wa mwaka alizikuta zimefika zaidi ya mara tatu ya bei aliyouzia. Na dalali hakungoji: dhamana ikipungua hudai nyongeza, ukikosa, huzinunua hisa kwa fedha yako, na hasara ni yako hata bei ikianguka kesho yake.

Hayo ni ya dunia. Ama katika dini, Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, lilikataza mtu kuuza hisa asizozimiliki kwa kutegemea ahadi ya dalali ya kumkopesha. Tena Mtume alipoletewa maiti kumsalia, aliuliza kama ameacha deni. Ikiwa deni lijulikanalo kiasi chake ni zito hivyo, lisemweje lile lisilojulikana litafika wapi?

Kijana akanyamaza, kisha akauliza: "Basi, Maalim, nizinunue?"

Nikamwambia: "Kununua kuna masharti yake, tutayasoma siku nyingine. Fedha hizi zina mwenyewe anayezingojea. Zipeleke kwanza."

Wabillahi tawfiq.