Namba Zina Majina, na Majina Yana Maana

Ndugu wapenzi wa Kiswahili, bado wapo wanaoshikilia kwamba lugha yetu yafaa kwa mashairi na hadithi, ila hisabati imeishinda. Mimi niliyefundisha somo hilo katika shule za sekondari hadi kustaafu siafiki. Majina tuliyoyapa makundi ya namba ni hazina ya mwalimu, nasi tunaipoteza kwa kutoyaeleza.

Tazameni namba shufwa na namba witiri. Majina yote mawili asili yake ni Kiarabu: shufwa ni kilicho jozi, witiri ni kisicho na mwenzi. Mtoto aliyewahi kusikia sala ya witiri, ambayo idadi ya rakaa zake haiwi jozi, amekwisha kukutana na dhana hiyo kabla ya kuingia darasani.

Kuhusu namba tasa nina neno. Namba 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndipo ikaitwa tasa. Lakini kila namba nzima iliyozidi 1, kama si tasa, imetokana na namba tasa zilizozidishwa: 12 ni 2 × 2 × 3. Basi hizo tuziitazo tasa ndizo wazazi wa nyingine zote! Mwalimu asilifiche pingamizi hili. Alifanye kuwa somo.

Makundi makubwa nayo yana nasaba yake. Kila kundi limezaliwa na swali lililolishinda kundi lililotangulia. Tulianza na namba za kuhesabia: 1, 2, 3. Tukaongeza 0, tukapata namba nzima. Mwenye shilingi 3,000 anayedaiwa 5,000 alihitaji namba hasi, zikaja namba kamili. Watu 5 waliogawana mikate 3 walihitaji sehemu, yaani namba za uwiano. Kisha chora mraba wenye upande wa mita 1, upime kutoka pembe hadi pembe ya mkabala: utapata kipeuo cha pili cha 2, na hakuna sehemu yoyote iwezayo kukitaja sawasawa. Namba za uwiano pamoja na hizo zisizo za uwiano ndizo namba halisi.

Jina la Kiingereza la namba za uwiano hufanana na neno la mtu mwenye busara. Mwanafunzi hulikariri asijue busara hiyo ni ipi. “Uwiano” humwonyesha mara moja kwamba namba mbili zinalinganishwa.

Hata hivyo, katika shule zetu nyingi za serikali Tanzania Bara, mtoto husoma hisabati kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza, na majina haya huachwa mlangoni. Ajibu mtihani kwa lugha iliyowekwa, sipingi. Ninachodai ni mwalimu kutumia dakika chache kuunganisha jina jipya na lile alilokuja nalo mtoto. Asiyefanya hivyo humfundisha upya jambo analolijua, na mtoto huondoka akiamini kwamba hajui kitu.

Watunga istilahi nao wana deni. Katika mazungumzo ya kila siku “nzima” na “kamili” hukaribiana mno. Mtoto ataelewaje kwamba −4 ni namba kamili lakini si namba nzima? Ninyi mngependekeza jina gani?