Hewa ya Lindoni Isihukumiwe kwa Jicho Moja

Askari anayelinda mpaka wa Rusizi II huko Mururu amefundishwa kumkagua kila apitaye. Hewa aivutayo mwenyewe hakufundishwa kuihoji, na juu ya hilo tungependa kusema machache.

Zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Mururu ipo milima miwili ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukarudia 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Milima hiyo hutoa salfa dayoksaidi, gesi ichomayo koo na kubana kifua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa gesi hiyo kwa siku nzima usizidi maikrogramu 40 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Pua ya binadamu haiwezi kunusa kiasi kidogo namna hiyo. Kiwezacho kukipima ni chombo kitumiacho mionzi ya urujuanimno.

Chombo hicho huvuta hewa na kuiingiza katika chumba chenye giza. Humo taa ya zinki huipiga hewa kwa mionzi ya nanomita 214 hivi, isiyoonekana kwa macho. Molekuli za salfa dayoksaidi zikiinyonya hutaharuki, kisha hutulia kwa kutoa mwanga wao wenyewe, wenye mawimbi marefu zaidi, karibu nanomita 330. Kipokea mwanga hakikai mbele ya taa, bali ubavuni, kama mlinzi ajuaye kwamba akizikodolea taa za gari hataona kitu gizani. Mwanga huo ni hafifu mno. Ukigusa utando ulio ndani ya bomba la kioo hung'oa elektroni, nayo hurukia bamba moja baada ya jingine, kila bamba likiongeza nyingine, hata moja ikazaa mamilioni. Mkondo huo wa umeme ndio usomwao: gesi ikizidi maradufu, nao huzidi maradufu.

Hata hivyo, chombo hiki hudanganyika. Taa huchakaa, kwa hiyo kipokezi cha pili huitazama taa yenyewe daima. Bomba hutoa umeme kidogo hata gizani, na umeme huo hauna budi kupimwa na kuondolewa katika hesabu. Baadhi ya mivuke ya mafuta nayo hung'ara, ikalazimu kuchujwa kabla hewa haijaingia. Aidha, fundi hupitisha kwanza hewa safi, halafu gesi ambayo kiasi chake kinajulikana. Namba ya chombo kisichokaguliwa hivyo haistahili kuandikwa katika taarifa ya zamu.

Lakini hoja yetu kubwa ni nyingine. Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Kivu, hasa upande wa Goma, wenyeji huogopa mazuku. Hiyo ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na kuua watu na mifugo. Ndani ya ziwa lenyewe zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za gesi hiyo hiyo. Huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, gesi ya namna hiyo ilifumka kutoka Ziwa Nyos ikaua watu wapatao 1,700.

Gesi hiyo haing'ari mbele ya taa ya zinki. Chombo tulichokieleza kitaandika sifuri, na kitakuwa kimesema kweli, huku askari akianguka kando yake! Kuipima kwahitaji kifaa cha mionzi ya infraredi.

Basi kamanda akiletewa namba na aulize kwanza ni ya gesi ipi. Na kikosi kitakachohamishwa kutoka Mururu kwenda kaskazini ya ziwa kipewe kifaa cha infraredi pamoja na vifaa vyake vya doria, na mahema yapigwe mwinuko, hata kama bondeni kuna kinga ya upepo.