SIMU YA MAMILIONI, SAUTI YA KOPO! MASTAA WA MITANDAO ACHENI KUWAVUNJIA WAZEE HESHIMA

Kuna staa mmoja wa mitandao, jina kapuni, kafunga safari mpaka Maposeni, upande wa Peramiho kule Songea, kumhoji mzee wa Kingoni kuhusu Vita vya Majimaji. Picha kali, droni imepaa, rangi imetulia. Mzee anafungua mdomo... kinachosikika ni upepo na bodaboda!

Mashabiki nao wamejazana kusifia kamera. Hakuna hata mmoja anayeuliza mzee kasema nini. Aibu gani hii?

Vita ile ilipiganwa 1905 hadi 1907, na kila Februari 27 Songea inawakumbuka mashujaa walionyongwa 1906. Wazee waliosimuliwa habari hizo na babu zao wanazidi kupungua. Mzee akiondoka, droni itasimulia nini?

Utetezi wao eti maiki ya kubana shatini ni ghali. Uongo mtupu! Ya waya inauzwa sehemu ndogo sana ya bei ya simu wanazotambia.

Wengine wananunua, ila kwa kufuata mkumbo: lazima isiyo na waya kwa sababu staa fulani anayo. Hiyo inamfaa anayetembeatembea. Mzee aliyetulia kwenye kigoda ya waya inamtosha kabisa, na mawasiliano hayakatikikatiki.

Kabla ya kutoa hela, angalia pini. Ya simu ina mistari mitatu. Yenye miwili ni ya kamera, ukiichomeka kwenye simu mara nyingi haisomi. Simu haina tundu la hedifoni? Tafuta ya Type-C au adapta yake.

Halafu maiki nyingi za aina hii zinanasa sauti pande zote, kwa hiyo ukaribu ndo kila kitu. Ibane kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inabaki robo, ila bodaboda iko palepale. Nje kuna upepo? Ivalishe manyoya yake. Rekodi kidogo, vaa hedifoni, sikiliza, ndo uanze mahojiano.

Huyo staa arudi Maposeni, amwombe babu radhi, ambandike maiki na kuanza upya. Mdau, unasemaje? Dondosha komenti yako hapo chini!