Rangi Haiuzi GTO
Kizuri chajiuza, lakini si kila king'aacho kinauzika. Chukua Pontiac GTO ya 1970, lile gari la Kimarekani, toleo lenye paa la turubai la kukunja. Likishapigwa rangi upya, hata mpita njia husimama. Mnunuzi mjuzi yeye huinama kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, asome namba ya chesisi: ikianza na 242, ni GTO, ikianza na 237, ni LeMans Sport iliyobandikwa beji ya GTO. Kisha hupitisha sumaku milangoni. Isiponasa, hapo pamejazwa puti. Hufunua na zulia, maana turubai likivuja, kutu huanzia sakafuni. Muuzaji naye asitegemee kurudishiwa kila dola iliyoishia gereji. Mara nyingi gharama za kulifufua gari huizidi bei yake. Kinachopandisha bei ni injini iliyotoka nalo kiwandani, risiti, na picha za bodi kabla haijapigwa rangi. Kama injini ilibadilishwa, sema mapema. Bei itashuka, lakini biashara itaisha siku hiyohiyo, bila kesi.